Nyumba Yenye Hewa ya Kutosha

Wiki iliyopita jirani yangu, binti ambaye bado ni bibi harusi mpya, aliniita nikaone alivyopanga sebule yake. Alikuwa ameona picha kwenye simu. Alichukua matenga ya nyanya, yale ya mbao, akayapiga msasa, akayapaka vanishi, akayapandanisha ukutani mpaka yakawa rafu. Ndani aliweka vikombe, vitabu vichache na ua la plastiki. Nyuma ya mlango alitundika mifuko ya viatu aliyoshona mwenyewe, na mashuka yote yalikuwa kwenye maboksi chini ya kitanda. Akaniuliza, "Dada, unaonaje? Si nyumba imepata nafasi?" Nikamjibu kwamba imependeza sana, nikaomba maji ya kunywa, na alipoingia jikoni kuyaleta nikatoka nje.

Sikutoka kwa dharau. Ilikuwa ni harufu. Tenga la nyanya hata ulipige msasa namna gani, hata ulipake vanishi kopo zima, siku ya jua kali litatoa tu ile harufu ya mbao iliyonyonya nyanya zilizopasuka. Kuna watu wakiisikia wanakumbuka soko. Mimi namkumbuka baba yangu akitafuta pumzi.

Nyumba yangu mwenyewe imejaa, sifichi. Viti vimebanana, juu ya kabati kuna masanduku, juu ya masanduku kuna ndoo, na kuna redio iliyokufa zamani ambayo sijui kwa nini naifuta vumbi. Mwanangu huwaambia wenzake kwamba mama yake anaishi stoo. Acha aseme. Mimi chumba kitupu kinanitia hofu, na wenzangu wa rika langu, tuliokuwa shule ya msingi Babati ilipotangazwa kuwa makao makuu ya mkoa mpya, pengine wataielewa hofu hiyo nikieleza ilikotoka.

Mnaukumbuka wakati ule. Watu wazima wote walikuwa na maneno mamoja mdomoni: mkoa umekuja. Kodi za vyumba zikipanda, mkoa umekuja. Magari ya serikali yakipita na kutuachia vumbi puani, mkoa umekuja. Hata mahindi yakiadimika sokoni, kosa ni la mkoa. Nyumba nzuri zote za mtaani kwetu Maisaka zikaanza kukaliwa na wafanyakazi waliohamishiwa kwetu kutoka Arusha, waliokuja na malori ya vitu ambavyo sisi hata majina yake hatukuyajua.

Yetu haikupangishwa kwa mtu, ilikuwa ya kwetu. Baba aliijenga kidogokidogo kwa matofali ya kuchoma miaka yote aliyokuwa Mererani kwenye machimbo. Alikuwa akirudi na tofali, anaondoka, anarudi na bati, anaondoka. Mwisho akarudi na vitu vya ndani: makochi ya mninga, meza ya kioo, redio kubwa yenye spika mbili, na kabati la vyombo alilotengenezewa na fundi wa Sigino. Kabati hilo ndilo lilikuwa roho ya sebule. Lilikuwa refu, lina milango ya vioo, na mlango wa kushoto haukufunga mpaka uunyanyue kidogo na goti. Ubavuni, kwa chini, mdogo wangu Idi aliwahi kuchora kiboko wa ziwani kwa msumari. Alichapwa kwa kiboko yule, lakini kiboko alibaki.

Safari ya mwisho baba hakurudi na kitu chochote. Alirudi na kifua.

Sijui niielezeje ile sauti kwa asiyeisikia. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayeburuta gunia kwenye changarawe, anapumzika, anaburuta tena. Mama alimweka chumba cha nyuma kwa sababu cha mbele kilikuwa kinaingiza vumbi la barabarani. Baba alitokea mlango wa jikoni kwenda kuota jua uani, na kwa njia hiyo hiyo alirudi kitandani. Baada ya muda hakupita tena sebuleni kabisa. Mara kwa mara hali ilimzidi, gari likakodiwa, wakaenda hospitali ya mbali ambako, mama alituambia, wanawawekea wagonjwa mtungi wa hewa. Nilishangaa kwamba hewa inawekwa kwenye mtungi. Nilishangaa zaidi kwamba baba yangu, mtu aliyekuwa akitubeba mimi na Idi kila mmoja bega lake, alikuwa amepungukiwa na kitu kinachopatikana bure hata kwa kuku.

Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa meza ya kioo. Tulitoka shule tukakuta mzee mmoja mwenye duka la vitu vilivyotumika karibu na stendi anaifunga kamba kwenye mkokoteni. Idi akaanza kulia, kwa kuwa chini ya meza ile ndiko alikuwa anacheza. Mama akachuchumaa mbele yetu. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Akasema, "Baba yenu anahitaji hewa. Vitu vikiwa vingi ndani vinammalizia hewa. Tunapunguza."

Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, na jambo hilo liliniingia akilini moja kwa moja. Chumba kina nafasi, nafasi ndiyo hewa, ukiweka kochi umeondoa hewa ya ukubwa wa kochi. Sikuwa na swali hata moja. Nilimweleza Idi vizuri zaidi ya mama alivyotueleza, na tangu siku hiyo sisi wawili tukawa wapunguzaji wakubwa kuliko yeye. Idi alitoa gari lake la waya akalilaza nje kwenye mashina ya migomba. Mimi nilitoa mdoli wangu, na mvua ikamkuta huko. Tulikubaliana pia kwamba tukiwa ndani tuvute pumzi fupifupi, na tukitaka kukimbia au kucheka tutoke kwanza uani.

Mama naye alikuwa na mikono ya ajabu. Kila kilipoondoka kitu, mahali pake palipendeza kuliko mwanzo. Meza ilipokwenda alipandanisha masanduku mawili ya nguo, akayafunika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na wageni wakaweka vikombe juu yake bila kujua. Makochi yalipokwenda aliokota matenga ya nyanya sokoni, akayasugua kwa jiwe na sabuni, akakata godoro la wageni vipande, akayashonea mito ya kitenge. Kabati la nguo lilipokwenda akashona mfuko mrefu wa sandarusi wenye vyumba vingi, akautundika nyuma ya mlango, kila mtu na chumba chake. Vikapu vilipanda ukutani: cha vitunguu, cha vijiko, cha dawa za baba. Siku kabati la vyombo lilipopakiwa kwenye mkokoteni, vikombe vya udongo na sahani za maua vilihamia kwenye matenga yaliyopangwa ukutani palepale, yakavutiwa pazia dogo lenye mpira kwa juu. Alama ya kabati ilibaki ukutani, rangi yake ikiwa nyeupe kuliko kwingine, na mama akaizibia kwa kalenda kubwa, lakini kalenda haikutosha.

Jirani yetu wa mbele alikuwa Mama Gift, mke wa ofisa mmoja wa mkoa, mwanamke mnene mchangamfu aliyependa kuja kwetu bila sababu. Aliposimama mlangoni mara ya kwanza baada ya matenga, alishika kiuno, akasema hajaona hata Arusha mtu aliyepanga nyumba hivi. Kwake, alilalamika, ni vurugu, mtu anatoka chumbani anajigonga, vitu vimejaa mpaka mlangoni. Akambembeleza mama aende akamsaidie. Mama alikataa kwa upole, akakataa tena, mwisho akaona akizidi kukataa itakuwa neno. Tukaenda Jumamosi, mama mbele, mimi nimebeba kikapu cha sindano na nyuzi.

Niliamkia, nikaitikiwa, nikainua macho. Kabati letu lilikuwa limesimama kati ya friji na dirisha.

Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama mapazia, anapima kwa viganja, anasema kochi lile lisogee huku na stuli ziingie chini ya meza. Alifanya kazi asubuhi yote, na ile nyumba ikafunguka kabisa, nalisema kwa sababu niliiona kwa macho yangu. Mwisho wakabaki na kabati. Mama alipanga glasi za Mama Gift safu kwa safu pale zilipokuwa zikikaa sahani zetu. Mama Gift akalalamika kwamba kalinunua juzi tu stendi na kumbe ni bovu, mlango mmoja haufungi. Mama, bila kugeuka, akauweka goti, akaunyanyua kidogo, ukafunga.

"Umejuaje?" Mama Gift akauliza.

"Makabati ya mafundi wa huku," mama akajibu, "yote yako hivyo."

Nilichuchumaa nikajifanya naokota uzi. Kiboko wa Idi alikuwepo ubavuni, na miguu yake mibovu. Moyo wangu ukafurahi kiasi ambacho sijui kama umewahi kufurahi tena vile. Nilikuwa nimeelewa! Vitu vyetu havikuwa vimepotea. Vilikuwa vimegawiwa kwa watu wenye nyumba kubwa, watu wasiokuwa na mgonjwa wa kifua, wavitunze mpaka baba apone. Hilo la kununua nililisikia, ila nililiona ni maneno tu ya watu wazima, wanaofichana mambo hata pasipo na la kuficha. Njiani nilimwambia mama kwamba nimejua, Mama Gift anatutunzia kabati. Mama alinipokea kile kikapu cha sindano. Kisha akasema ndiyo, anatutunzia, lakini nisimwambie mtu yeyote, itaonekana tunamharakisha.

Sikumwambia mtu. Nilimwambia baba tu, na baba sikumhesabu kuwa mtu wa kufichwa, kwa kuwa kupunguza kote kulikuwa kwa ajili yake.

Ilikuwa baada ya shule, nimempelekea uji. Alikuwa ameegemea mito, macho kwenye dari. Akaniuliza kwa nini siku hizi hasikii redio. Halafu, akipumzika kila baada ya maneno machache, akasema sauti zetu zimebadilika, tukiongea sebuleni zinalia mwangwi kama za watu walio darasani. Nikaona wakati umefika wa kumpa habari njema. Nikakaa kitandani kwake nikamwambia yote kwa mpangilio: meza, makochi, redio, kabati la nguo, na kabati la vyombo ambalo liko kwa Mama Gift, zima, na kiboko wake, linatunzwa mpaka hewa imtoshe.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshikia kopo. Alipotulia alifuta mdomo. Kisha akanishika mkono na kusema, "Kitanda chenu kipo?"

Nikasema kipo.

"Mwambie mama yako aje."

Mama aliingia, mlango ukasukumwa. Sikusikiliza kwa makusudi, lakini nyumba ile ilikuwa tupu na kila neno lilitembea. Baba alisema hewa sasa inamtosha. Mama akasema gari limeshasemwa, Jumatatu wanakwenda. Baba akarudia, taratibu, kwamba anajisikia vizuri, hewa inamtosha, hataki gari, hataki kwenda tena kule, na mama asiguse kitu kingine humu ndani. Walivutana hivyo, yeye kwa sauti ya kuburuta gunia na mama kwa sauti ya chini, mpaka mama akasema haya.

Mimi nilikimbia uani kumtafuta Idi. Nilimwambia baba amepona. Nilimwambia kwa kinywa chake mwenyewe amesema hewa inamtosha, kwa hiyo sasa ni kungoja tu vitu virudi. Tulicheka kwa sauti, tukaruka ruka, tukavuta pumzi ndefu mpaka kichwa kikatuuma. Siku zilizofuata nilikuwa nikitoka shule mbio nikitegemea kuuona mkokoteni wa yule mzee unakuja na makochi yetu. Mkokoteni haukuja. Sahani za maua ndizo zilizoendelea kupungua nyuma ya pazia, moja moja, bila baba kujua, kwa kuwa mama alikuwa bado ananunua dawa za maji alizozichanganya kwenye uji.

Baba alikufa mchana, siku ya jua kali, matenga yananuka. Hakukuwa na maneno ya mwisho wala nini. Sauti ya gunia ilikoma tu, na mimi niliyekuwa napanga madaftari sebuleni nikafikiri: afadhali, leo amevuta vizuri.

Mnajua msiba unavyokuja. Kabla hata maiti haijaoshwa, wanawake wanaingia kutoa vitu sebuleni. Makochi nje, meza nje, kabati linasukumwa pembeni, sakafu inafagiwa, mikeka inatandikwa, wafiwa wanakaa chini. Ni kazi inayofanywa haraka na watu wengi, na hakuna anayeuliza. Shangazi yangu, dada yake baba, alifika kutoka Bonga akiwa amefunga kanga kiunoni tayari kwa kazi hiyo. Nyuma yake walikuwa majirani wenye mikeka mabegani, na Mama Gift miongoni mwao, amekuja miguu mitupu.

Shangazi alishika kochi la kwanza ili alinyanyue, na kwa kuwa alitumia nguvu za kunyanyua mninga, nusura aanguke chali. Mto ukadondoka, tenga likabaki mkononi mwake. Akalitazama. Akainua kitambaa cheupe pale mezani, akakuta masanduku. Mwingine akavuta pazia ili atoe vyombo, ndani kulikuwa na vikombe vya plastiki na sufuria moja. Wanawake wakabaki wamesimama katikati ya chumba na mikono yao. Walikuwa wamekuja kutoa vitu na hapakuwa na cha kutoa.

Shangazi akageuka. "Wifi," akasema, "vitu vya kaka yangu viko wapi?"

Mama alikuwa amekaa sakafuni tayari, mgongo ukutani, chini ya kalenda. Hakuinua kichwa.

"Tandikeni tu mikeka," akasema. "Tulishatoa."

Wakatandika. Mama Gift peke yake hakukaa. Alikuwa anaitazama ile alama nyeupe iliyojitokeza kandokando ya kalenda, urefu wake na upana wake, na niliona midomo yake inatembea kama anapima. Niliona huo ndio wakati wa kusema, na sikuona ubaya wowote. Nilimwendea nikamvuta kanga. Nikamwambia asante kwa kututunzia kabati letu, sasa anaweza kuturudishia, kwa sababu baba hahitaji hewa tena.

Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini nyumba ilikuwa na mwangwi. Mama Gift alijifunika kanga usoni na kulia kuliko jirani anavyotakiwa kulia, na shangazi akanivuta akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Mimi sikulia siku ile. Nilikuwa nangoja jibu.

Jibu lilikuja baada ya matanga, mikeka yote ilipokwisha kurudishwa kwa wenyewe. Mama Gift alikuja asubuhi, akasimama mlangoni, safari hii hakushika kiuno. Alisema mume wake amekubali, vijana wako tayari, wanaweza kulivusha kabati barabara sasa hivi, na hataki chochote. Alisema hakujua. Aliapa, akarudia kwamba hakujua.

Mama alimkaribisha akae kwenye tenga. Alimletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akamshukuru, na alimshukuru kweli, sikusikia kejeli. Kisha akaitazama sebule kuanzia mlangoni mpaka dirishani, kama anavyotazama mtu anayetafuta pa kuanzia kupanga.

"Ukinirudishia, Mama Gift," akasema, "nitaweka nini ndani?"

Mama Gift alikunywa yale maji yote, akaondoka. Sikumwelewa mama, nilikasirika, nikamgeukia Idi ili anisaidie kudai. Idi hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amesimama kwenye ukuta, ndani ya ile alama ya kabati, mdomo wazi, anavuta pumzi ndefu ndefu, kwa kuwa sasa hakuna aliyemkataza.